Mshahara katika aproni ya mama

Filamu ya wachimba makaa wa Wales inayostahili kutazamwa na kila familia ya mfanyakazi

Ndugu msomaji, hebu nikuulize jambo moja kabla hatujaanza mazungumzo yetu ya Jumapili hii. Siku ya mshahara ifikapo nyumbani kwako, fedha ile hutua wapi kwanza? Je, hubaki mfukoni mwa baba, huwekwa mezani mbele ya watu wote, au hukabidhiwa mama ambaye ndiye aijuaye bei ya unga na ya sukari? Usinijibu mimi. Lijibu swali hilo moyoni mwako, kisha tufuatane mpaka kwenye bonde moja la nchi ya Wales, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Ni jioni ya siku ya mshahara. Wanaume wanateremka kutoka mgodini kwa makundi, nyuso zao zimekuwa nyeusi tititi kwa vumbi la makaa ya mawe, nao wanaimba kama watu watokao harusini. Mlangoni mwa nyumba moja ya mawe ameketi mama, ameitandaza aproni yake magotini. Baba wa nyumba anatangulia kutia sarafu zake humo. Anamfuata mwana wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka wote wamekwisha kutoa. Hakuna anayeficha senti, wala hakuna anayeuliza mwenzake katoa kiasi gani. Baadaye wanaoga kwa maji ya moto, wanasuguana migongo, wanakaa mezani, baba anaomba dua, nao wanakula kimya. Baada ya chakula mama anagawa fedha kidogo za matumizi ya kila mmoja. Kitinda mimba, mtoto aitwaye Huw, anapewa senti yake na kukimbia dukani kununua peremende.

Ndivyo inavyoanza filamu iitwayo How Green Was My Valley, maana yake jinsi bonde langu lilivyokuwa la kijani. Ilitengenezwa Hollywood mwaka 1941 na kampuni ya 20th Century Fox chini ya uongozi wa John Ford. Ni picha isiyo na rangi, yenye urefu wa karibu saa mbili, na haina bastola wala farasi wanaofukuzana. Ni habari ya nyumba moja ya wafanyakazi tu: baba, mama, wana sita na binti mmoja. Hata hivyo nadiriki kusema kwamba ni filamu chache sana za kale zinazoweza kumgusa mtu anayeishi kwa mshahara kama hii inavyomgusa.

KITABU NA WALIOKITIA KATIKA PICHA

Filamu hii ilitokana na riwaya ya Richard Llewellyn iliyotolewa mwaka 1939. Kitabu kilipendwa mno Uingereza na Marekani, na Darryl F. Zanuck, aliyekuwa mkuu wa utengenezaji katika kampuni hiyo, alitaka kukigeuza kuwa picha kubwa ya rangi, ndefu ya saa nne, itakayopigwa huko huko Wales. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kupamba moto. Mwezi Februari mwaka 1941 ndege za Kijerumani ziliupiga mji wa Swansea, ulio katika pwani ya kusini ya Wales, kwa mabomu usiku tatu mfululizo. Hapakuwa na namna ya kupeleka waigizaji na mitambo huko. Basi kijiji kizima cha wachimba makaa kikajengwa katika vilima vya Malibu, jimbo la California: barabara yake ya mteremko, nyumba zake za mawe zilizobanana, kanisa lake, na mgodi wake juu kileleni ukitoa moshi.

Aliyepangwa kwanza kuiongoza kazi hiyo alikuwa William Wyler. Ndiye aliyemchagua Roddy McDowall, mtoto wa Kiingereza aliyekuwa amehamishiwa Marekani kukimbia mabomu ya London, achukue nafasi ya Huw. Chaguo hilo liliibadili filamu yote. Katika kitabu, Huw anakua mpaka kuwa mtu mzima, na mpango ulikuwa mwigizaji mwingine, Tyrone Power, ashike nafasi hiyo ya ukubwani. Walipoona uwezo wa mtoto yule, waliamua kwamba Huw asikue kabisa. Mwandishi wa mchezo, Philip Dunne, akaifupisha hadithi ili yote ionekane kwa macho ya mtoto. Huw mtu mzima tunamsikia kwa sauti tu, akisimulia. Mwanzoni tunaona mikono yake ikifunga nguo katika shali kuukuu ya mama yake, maana anaondoka bondeni asirudi tena, na hapo ndipo kumbukumbu zinapoanza kumiminika.

Wyler aliondoka kabla upigaji wa picha haujaanza, na Ford akaipokea kazi. Naye alikuwa mtu wake. Alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Maine, Marekani, kwa wazazi waliohamia kutoka Ireland, katika nyumba yenye watoto wengi. Alijua maana ya meza ndefu, ya dua kabla ya kula, ya mama mwenye amri ndani na baba mwenye heshima nje. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amezionyesha shida za wakulima waliofukuzwa katika mashamba yao huko Oklahoma, katika filamu ya The Grapes of Wrath. Sasa aligeukia wachimba makaa.

MEZA ILIYOGAWANYIKA

Usije ukadhani, ndugu msomaji, kwamba filamu hii ni ya kusifu maisha ya zamani tu. Furaha ile ya mwanzo haidumu hata nusu saa. Siku moja wanaume wanafika mgodini na kukuta mshahara umepunguzwa. Kwa nini? Kiwanda cha chuma cha mji wa jirani kimefungwa. Watu waliopoteza kazi wamemiminika bondeni, wako tayari kupokea ujira wowote ule. Mwenye mgodi ameona fursa. Kama yupo anayekubali kidogo, ya nini kuwalipa wengine kingi?

Hapa ndipo baba na wana wanapoachana njia. Gwilym Morgan, baba wa nyumba, ni mtu wa haki na mchapa kazi. Anaamini kwamba mfanyakazi mwema hulipwa ujira mwema, na kwamba mwenye mgodi ni muungwana kama yeye, atasikia akiambiwa kwa adabu. Wanawe wanamwambia kwamba zama hizo zimepita. Kidole kimoja hakivunji chawa: pasipo chama cha wafanyakazi, leo watapunguziwa senti, kesho watapunguziwa shilingi. Mazungumzo yanafanyika mezani, mahali ambapo kwa desturi ya nyumba ile mtoto hasemi mpaka aulizwe. Baba anaona adabu imevunjwa. Wana wanaona haki ni kubwa kuliko adabu ya mezani. Mmoja baada ya mwingine wanainuka, wanafunga virago na kwenda kupanga chumba kwingine.

Anabaki Huw, mtoto mdogo, peke yake mezani na baba yake. Mtoto anagongagonga vyombo ili baba ajue kwamba yeye bado yupo. Baba anamjibu, bila kuinua macho, kwamba anajua yupo. Ni jambo la sekunde chache tu, lakini mimi nimelitazama mara nyingi na kila mara donge hunikaba kooni. Ni wangapi katika sisi tuliopata kubaki mezani namna ile, nyumba imegawanyika, tukitafuta njia ya kusema tupo pasipo kumpinga mtu yeyote?

Mgomo unatangazwa. Unakwenda wiki 22, mpaka theluji inaanguka. Baba, kwa kuwa hakuukubali, anatazamwa na wenzake kama msaliti. Jiwe linavunja dirisha la nyumba yake. Ndipo mama, Beth Morgan, anapofanya jambo ambalo hakuna mwanaume bondeni aliyelitarajia. Usiku, katika tufani ya theluji, anamchukua Huw amwongoze njia, anapanda mlimani mpaka kwenye mkutano wa wagomaji, anasimama mbele yao na kuwaambia kwamba akidhuriwa mumewe, yeye mwenyewe atamtafuta aliyetenda na kumwua kwa mikono yake. Hasemi lolote juu ya mishahara. Anasema juu ya mtu anayemjua.

Wakati wa kurudi wanatumbukia katika maji ya baridi kali. Wote wawili wanaugua miezi mingi. Mama amelazwa juu, Huw amelazwa chini, hawawezi kuonana. Wanaongea kwa kugonga sakafu na dari kwa fimbo. Daktari anasema miguu ya mtoto imeharibika na huenda asitembee tena. Na hapo, ndugu msomaji, tazama kinachowarudisha wana nyumbani. Hawarudi kwa kushindwa katika hoja. Wanarudi siku mama anapopata nafuu, watu wa kijiji wanapokuja kumwimbia mlangoni, naye anapowaita wanawe ndani. Chama kinabaki, na meza inabaki.

NANI ALIKUWA NA HAKI?

Swali hili nimewahi kulijadili na marafiki, na kila mara tuligawanyika. Vijana husema baba alikuwa mtu wa kale, asiyeona mbali. Wazee husema wana walikosa subira. Maoni yangu ni haya. Juu ya mshahara, wana ndio waliokuwa na haki, na historia ya kweli iliwathibitisha. Katika mabonde ya kusini ya Wales kulikuwa na utaratibu ambao ujira wa mchimbaji ulipanda na kushuka kufuata bei ya makaa sokoni. Bei ikianguka London, mkate unapungua bondeni. Mgomo mkubwa wa mwaka 1898 ulishindwa, lakini kutokana na kushindwa huko ndiko wachimbaji walikounda shirikisho lao la Wales ya Kusini mwaka huo huo. Adabu ya Gwilym Morgan peke yake isingeuondoa utaratibu ule. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mgodi hakuwa akilala katika nyumba za mteremkoni.

Lakini baba naye alijua jambo moja ambalo wanawe walikuwa karibu kulisahau. Alijua kwamba mgomo utakwisha siku moja, na siku hiyo majirani watapaswa kutazamana tena usoni. Waliolipigia dirisha lake mawe ndio watakaoshuka naye mgodini katika kizimba kimoja. Ford hakutaka kutuchagulia upande. Alitaka tuone gharama ya kila upande, na hiyo ndiyo sababu filamu haijachakaa.

Na gharama inalipwa kweli. Mgomo unapokwisha, kazi haziwatoshi wote. Wana wawili, Owen na Gwilym mdogo, wanaondoka kwenda Marekani usiku ule ule ambao kijiji kinasherehekea kwa sababu kwaya inayoongozwa na kaka yao Ivor imealikwa kuimba mbele ya Malkia. Baadaye Ianto na Davy nao wanaachishwa kazi. Kosa lao si uvivu. Kosa lao ni kwamba wao ni mafundi hodari, na kwa hiyo ndio wanaolipwa zaidi. Wapo wa bei nafuu. Umepata kuusikia msemo huo kazini kwako?

Katika sehemu moja mama anatazama ramani ya dunia. Huw anamchorea mistari kutoka Wales: mmoja mpaka Marekani, mwingine Kanada, mwingine New Zealand, na mmoja mpaka huku Afrika, Cape Town, alikopelekwa binti yake na mumewe. Mama hajui kusoma ramani. Anachokijua ni kwamba watoto waliokuwa wakitia fedha katika aproni yake sasa wametawanyika pande nne za dunia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

SHELA NA UPEPO

Ndani ya habari hii ya kazi imo habari ya mapenzi. Angharad, binti pekee wa nyumba, ambaye sehemu yake inachezwa na Maureen O'Hara, anampenda mhubiri wa kijiji, Bwana Gruffydd, ambaye sehemu yake inachezwa na Walter Pidgeon. Mhubiri naye anampenda. Lakini mshahara wa mhubiri ni mdogo, na hataki kumwona mwanamke ampendaye akizeeka kabla ya wakati wake, akivaa nguo za kupewa na kuhesabu mkate. Anamkataa kwa ajili ya kumhurumia. Angharad anaolewa na mwana wa mwenye mgodi.

Tazama jinsi harusi ile inavyoonyeshwa. Bibi arusi anatoka kanisani, uso wake hauna tone la furaha. Anapokaribia gari la farasi, upepo unalipeperusha shela lake juu, refu, jeupe, kama bendera ya mtu anayesalimu amri. Gari linaondoka. Kisha, mbali kabisa, chini ya mti katika eneo la makaburi, tunaona umbo dogo la mwanaume amesimama. Ndiye mhubiri. Hatumwoni uso, wala hasemi neno. Inasimuliwa kwamba mpiga picha, Arthur Miller, alimwuliza Ford kama wampige mhubiri picha ya karibu, naye Ford akakataa, akihofu kwamba ikiwepo itatumiwa. Alijua kwamba mtazamaji mwenye moyo hahitaji kuonyeshwa machozi ili ajue mtu analia.

Vijana wetu wanaopenda kupiga picha na kutunga michezo wangefaidika sana kwa kuitazama sehemu hiyo moja tu. Aghalabu sisi tunadhani huzuni ni lazima ipigiwe kelele. Ford anatufundisha kwamba huzuni kubwa husimama mbali.

MTOTO WA MWISHO NA KALAMU

Jambo linalonipa taabu zaidi katika filamu hii ni habari ya Huw na shule. Mhubiri ndiye aliyemfundisha kutembea tena, akimbeba mgongoni mpaka kilimani wakati maua ya manjano yalipochanua, na kumwambia ajaribu hatua moja. Ndiye pia aliyempa vitabu alipokuwa kitandani. Familia nzima inaona kwamba mtoto huyu ana akili. Anapelekwa shule ng'ambo ya mlima, wa kwanza katika nyumba yake. Huko watoto wanamchokoza kwa nguo zake na kwa asili yake, wanamvunjia kisanduku cha kalamu, na mwalimu mwenye dharau anamchapa mpaka mgongo unavimba. Wapiganaji wawili wa kijiji wanamfundisha ngumi, na baadaye wanakwenda darasani kumfundisha mwalimu naye somo hilo hilo. Hapo utacheka, nakuahidi.

Lakini kicheko kinakwisha. Huw anamaliza masomo kwa sifa, na baba anamwuliza anataka kuwa nani. Baba anatamani awe daktari au mwanasheria, mtu atakayefanya kazi akiwa na kola safi. Huw anajibu kwamba anataka kwenda mgodini pamoja na baba yake. Wakati huo kaka yake mkubwa, Ivor, amekwisha kufa kwa ajali humo humo mgodini, na mjane wake, Bronwyn, ana mtoto mchanga. Huw anahamia kwa shemeji yake ili mshahara wake uwe tegemeo la nyumba ile. Mtoto anayejua Kilatini anashuka shimoni kusukuma makaa.

Je, alifanya vema? Mzazi aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili alipe karo atasema kwamba mtoto huyu ametupa lulu kisimani. Lakini mtazame mtoto mwenyewe. Kila mtu aliyempenda na kumheshimu alikuwa na makaa usoni. Shuleni alikutana na elimu iliyokuja na fimbo na dharau, ikimwambia kwamba watu wake si kitu. Kama elimu inamtaka mtoto awaonee haya wazazi wake, tusishangae akiikataa. Hilo ni onyo kwa walimu, na pia kwa sisi wazazi ambao nyakati nyingine huwaambia watoto wetu wasome ili wasije wakawa kama sisi. Mtoto anayetupenda atasikia nini katika maneno hayo?

YASIYOSEMWA

Ili nisije nikawa kama mtu amsifuye mgema, hata tembo likatiwa maji, nitaje pia upungufu wake. Wachezaji wengi hawakuwa watu wa Wales. Donald Crisp, aliye baba, alizaliwa London. Sara Allgood, aliye mama, na Maureen O'Hara walitoka Ireland. Pidgeon alikuwa Mkanada. Mtu wa Wales hasa alikuwa Rhys Williams, anayemchezea Dai Bando, yule mpiga ngumi. Kiwelisi, lugha iliyokuwa ikisemwa majumbani katika mabonde yale, hakisikiki ila katika nyimbo. Kadhalika, kwa kuwa Huw hakui, sehemu kubwa ya mapambano ya wafanyakazi yaliyomo kitabuni imeachwa nje. Mwenye mgodi anaonekana mara chache mno, kama mvua ambayo haina mwenyewe.

Hata mwandishi wa kitabu aliwahadaa wasomaji wake. Llewellyn alipenda kusema kwamba alizaliwa Wales. Baada ya kufa kwake mwaka 1983 ilibainika kwamba alizaliwa London, kwa wazazi wenye asili ya Wales. Habari za mgodini alizipata kwa kusikiliza wachimbaji wa kijiji cha Gilfach Goch. Wapo wanaomlaumu. Mimi naona jambo lingine: mtoto wa wahamiaji alijenga kwa maneno bonde ambalo hakuzaliwa ndani yake, Ford, mtoto wa wahamiaji, akalijenga kwa mbao na chokaa upande wa pili wa dunia, na mtoto aliyekimbia mabomu akaishi humo kwa muda wa filamu. Wote watatu walikuwa wakizungumza juu ya nyumbani kama mtu anavyopazungumza akiwa mbali napo.

Mwezi Februari mwaka 1942 filamu hii ilitunukiwa tuzo tano za Oscar, ikiwemo ya picha bora ya mwaka na ya uongozaji bora. Crisp alipata yake kwa kumwigiza baba. Miongoni mwa filamu zilizoachwa nyuma ilikuwa Citizen Kane ya Orson Welles, na mpaka leo wapo wataalamu wa sinema wanaoona haki haikutendeka. Inawezekana wakawa na hoja kuhusu ufundi. Lakini si kosa la familia ya Morgan kwamba tajiri wa Citizen Kane alishindwa siku hiyo.

MLIMA MWEUSI

Kuna jambo moja ambalo filamu hii ililiona mapema. Tangu mwanzo, nyuma ya nyumba, tunaona lundo la takataka za mgodi likiteremka taratibu kutoka mlimani, jeusi, likila majani ya kijani. Huw mzee anapoondoka, lundo hilo limekwisha kulifunika bonde lake. Mwaka 1941 mtazamaji wa New York angeweza kudhani ni urembo wa picha tu.

Tarehe 21 Oktoba mwaka 1966, katika kijiji cha kweli cha Aberfan, kusini mwa Wales, lundo kama hilo, lililolowana kwa maji, liliporomoka asubuhi na kufunika shule ya msingi na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Mgodi wenyewe ulikuwa umewaua baba zao na babu zao kwa miaka mingi: katika mlipuko wa Senghenydd, tarehe 14 Oktoba mwaka 1913, walikufa wachimbaji 439 kwa siku moja. Pale Aberfan takataka zake ziliwafuata wajukuu darasani.

Baadaye migodi yenyewe ilifungwa. Wachimbaji waligoma mwaka mzima, kuanzia Machi 1984 mpaka Machi 1985, wakitetea kazi zao, nao wakashindwa. Lakini nikupe kisa kimoja ambacho wana wa Gwilym Morgan wangekipenda. Mgodi wa Tower ulipofungwa na serikali mwaka 1994 kwa madai kwamba hauna faida, wachimbaji wake wapatao 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika malipo yao ya kuachishwa kazi, wakaununua mwaka 1995 na kuuendesha wenyewe mpaka mwaka 2008 makaa yalipokwisha. Fikiri, ndugu msomaji. Kila mmoja akaja, akatia fungu lake mahali pamoja, bila kuuliza mwenzake katoa nini. Hiyo ni aproni ya Beth Morgan, ila imekuwa kubwa kiasi cha kubeba mgodi mzima.

SAA YA MWISHO

Sitakueleza kila kitu cha mwisho, bali nitataja kidogo tu. King'ora cha mgodi kinalia. Katika filamu hii sauti hiyo inapolia saa isiyo yake, milango yote ya kijiji hufunguka, na wanawake hupanda mlimani wakiwa wamejitanda shali, hawasemi neno. Wanasimama mbele ya mgodi wakihesabu wanaotoka. Baba Morgan hayumo kati yao. Huw anashuka kumtafuta, pamoja na mhubiri ambaye kijiji kilikuwa kimemfukuza kwa fitina, na pamoja na Dai Bando ambaye macho yake yamekwisha kufa. Kizimba kinapopanda, utamwona mtoto amepakata kichwa cha baba yake, na uso wake si wa mtoto tena.

Kisha filamu inarudi nyuma. Inatuonyesha tena bonde likiwa la kijani, ndugu wote wakiwa hai, wakitembea kilimani katika jua. Wengine huita huo udanganyifu. Mimi siuiti hivyo. Huw hakuachiwa shamba wala nyumba na wazazi wake. Aliachiwa jinsi walivyotendeana mezani, na huo ndio urithi pekee ambao mwenye mgodi hakuweza kuupunguza.

Ukipata nafasi ya kuitazama, usiitazame peke yako. Waite mama watoto na watoto wenyewe, na kama mzee wenu yupo, mweke mbele. Baadaye waulize vijana nani alikuwa na haki, baba au wana, nawe ujizuie kujibu kwanza. Wasikilize, hata wakikupinga. Na mshahara ujao utakapopatikana, hata kama ni mdogo, uweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba yako anaweza kuuona.